112: Nani Huwahesabu Wabunge wa Malaysia, na Huwahesabia Wapi?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, ndugu zangu mliofika, hamjambo.

Bunge la Malaysia lina viti 222. Nusu yake ni 111. Ongeza kimoja, unapata 112, na anayewapata hao 112 ndiye anayeunda serikali. Kwa zaidi ya miaka sitini tangu uhuru wa 1957 namba hiyo haikumnyima mtu usingizi, kwa kuwa muungano mmoja wa vyama, ulioitwa kwanza Alliance na baadaye Barisan Nasional, ulishinda kila uchaguzi mkuu. Tarehe 9 Mei 2018 ukaanguka. Kuanzia siku ile hadi Novemba 2022 nchi ikaapisha mawaziri wakuu wanne: Mahathir Mohamad, Muhyiddin Yassin, Ismail Sabri Yaakob na Anwar Ibrahim. Wawili wa katikati waliingia madarakani bila mwananchi hata mmoja kwenda kituoni kupiga kura.

Kwa hiyo sitawatembeza katika kila ibara ya katiba yao. Nitashika swali moja: hao 112 wanahesabiwa na nani, na wanahesabiwa wapi? Msimamo wangu nautoa mapema ili mnisikilize mkiujua. Katiba ya Malaysia imeiweka hesabu hiyo kwa Mfalme, nje ya ukumbi wa Bunge, na sehemu kubwa ya misukosuko niliyoitaja imetokea mlango huo.

Kabla sijaenda mbali, msiogope majina ya vyombo vyao. Bunge la chini linaitwa Dewan Rakyat. Hiyo "dewan" ni ndugu wa neno letu "diwani", na "rakyat" ni ndugu wa "raia". Mahakama kwao ni "mahkamah", hakimu ni "hakim", mwakilishi ni "wakil". Maneno haya yalifika kwao kwa bahari ileile iliyoyaleta kwetu. Bunge la juu ni Dewan Negara, lenye wajumbe 70: 26 huchaguliwa na mabunge ya negeri, yaani nchi ndogo zinazounda shirikisho lao, wawili kwa kila moja, na 44 huteuliwa. Linaweza kuuchelewesha muswada wa fedha kwa mwezi mmoja na mingine kwa mwaka, lakini haliwezi kuiangusha serikali. Tuliache hapo.

Nimesema negeri. Malaysia ni shirikisho la negeri 13, pamoja na maeneo matatu yaliyo chini ya serikali kuu moja kwa moja: Kuala Lumpur, Labuan na Putrajaya. Malaya ilipata uhuru tarehe 31 Agosti 1957. Malaysia yenyewe ilizaliwa tarehe 16 Septemba 1963, Sabah, Sarawak na Singapore zilipojiunga, miezi saba kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Singapore ikatoka tarehe 9 Agosti 1965. Tarehe hizo zishikeni, tutazirudia.

Negeri tisa kati ya hizo 13 zina watawala wa kurithi: masultani saba, Raja wa Perlis, na Yang di-Pertuan Besar wa Negeri Sembilan, ambaye huteuliwa na wakuu wanne wa kimila kutoka ukoo wa kifalme. Nne zilizobaki, yaani Melaka, Pulau Pinang, Sabah na Sarawak, zina magavana wa kuteuliwa. Watawala hao tisa ndio humchagua mmoja wao kuwa Mfalme wa nchi nzima, Yang di-Pertuan Agong, kwa miaka mitano. Mzanzibari anayemfahamu Sultani kama mtawala wa maisha huenda akashangaa kusikia ufalme wenye muhula, lakini ndivyo ulivyo, na unakwenda kwa zamu.

Uchaguzi wenyewe hufanyika katika Baraza la Watawala, magavana wakiwa nje, na kura ni ya siri. Karatasi ya kura ina jina moja tu, la mtawala ambaye zamu imemfikia, na kila mpiga kura anaonyesha kama anamwona anafaa au hafai. Karatasi hazina namba, na wote hutumia kalamu za aina moja na wino mmoja, ili mwandiko usimtaje mtu. Anayepata kura tano ndiye anayepelekewa ombi. Akilikataa, au asipofikisha tano, wanahamia kwa anayefuata. Matokeo yakishatangazwa, karatasi zinaharibiwa mbele yao. Mzunguko ulianza mwaka 1957 kwa Tuanku Abdul Rahman wa Negeri Sembilan, na kwa mpangilio uliopo sasa unakwenda Negeri Sembilan, Selangor, Perlis, Terengganu, Kedah, Kelantan, Pahang, Johor, kisha Perak. Sultani Ibrahim wa Johor alishika kiti tarehe 31 Januari 2024, akiwa wa kumi na saba. Wakati wa muhula wake Mfalme haendeshi shughuli za utawala wa negeri yake. Huacha kaimu huko, ingawa ukuu wa dini ya Kiislamu wa negeri hiyo unabaki kwake.

Watu wengi husema Mfalme huyu ni pambo. Ni kweli kwamba katika mambo karibu yote Ibara ya 40 inamtaka afuate ushauri wa Baraza la Mawaziri. Hata kusaini sheria hakumpi turufu: tangu marekebisho ya 1994, muswada ukikaa mezani kwake siku 30 bila kusainiwa, unakuwa sheria kana kwamba amesaini. Lakini ibara hiyohiyo inamwachia uamuzi wake mwenyewe katika mambo makubwa mawili: kumteua Waziri Mkuu, na kukataa ombi la kuvunja Bunge. Ukiwa na chama chenye viti 140, mamlaka hayo mawili yamelala usingizi. Bunge likigawanyika, yanaamka yote mawili kwa pamoja.

Sasa tuingie kwenye Ibara ya 43 yenyewe. Inasema Mfalme atamteua kuwa Waziri Mkuu mbunge wa Dewan Rakyat ambaye, kwa maoni yake Mfalme, anaelekea kuwa na imani ya wabunge walio wengi. Yapimeni maneno hayo. "Kwa maoni yake." "Anaelekea." Hakuna kura iliyotajwa hapo, wala Spika, wala muda wa mwisho. Kifungu cha nne cha ibara hiyo kinaongeza kwamba Waziri Mkuu akipoteza imani ya walio wengi sharti ajiuzulu, isipokuwa kama Mfalme amekubali ombi lake la kuvunja Bunge. Namna ya kujua kwamba imani imepotea haikuandikwa.

Mahakama nayo ililijaza pengo hilo kwa upande wa ikulu. Mwaka 2009 huko Perak, bunge la negeri lilikuwa na viti 59, serikali ikiwa na 31 na upinzani 28. Wajumbe watatu wakahama. Ghafla 31 wakawa 28, na 28 wakawa 31. Kiongozi wa serikali akaomba bunge livunjwe, Sultani akakataa, na serikali mpya ikaapishwa. Shauri lilifika Mahakama ya Shirikisho, ambayo mwaka 2010 iliamua kwamba kupotea kwa imani si lazima kuthibitishwe kwa kura ndani ya bunge, kunaweza kujulikana kwa njia nyingine. Maneno hayo, "njia nyingine", ndiyo yaliyotawala siasa za nchi nzima miaka kumi baadaye.

Tarehe 24 Februari 2020 Mahathir alijiuzulu, siku ileile chama chake, Bersatu, kilipotoka katika Pakatan Harapan, muungano ulioshinda 2018, na kundi la wabunge lilipoondoka PKR, chama cha Anwar. Mfalme wa wakati huo, Al-Sultan Abdullah wa Pahang, aliwaita wabunge ikulu kwa siku mbili, tarehe 25 na 26, akamsikiliza kila mmoja peke yake: unamtaka nani? Kwa namna fulani ni kazi ya kupongezwa, maana ni nadra mfalme kupanga foleni ya wabunge na kuuliza mmoja mmoja. Lakini tazameni kasoro zake. Jibu la mbunge halikuwa wazi kwa wapiga kura wake. Lingeweza kubadilika kesho yake, na kwa baadhi lilibadilika. Mwishowe kila upande ulitangaza kwamba una watu wa kutosha, na Muhyiddin akaapishwa tarehe 1 Machi.

Je, Bunge halikuweza kupima lenyewe? Hapa ndipo kanuni za ukumbini zinapouma. Kanuni za Dewan Rakyat zinazipa shughuli za serikali kipaumbele mbele ya hoja za wabunge binafsi. Hoja ya kutokuwa na imani ni hoja ya mbunge binafsi. Inapokelewa, inachapishwa kwenye orodha ya shughuli, halafu inalala chini ya orodha mpaka kikao kinafungwa. Mwaka huohuo Spika aliipokea hoja ya Mahathir dhidi ya Muhyiddin, lakini kikao cha tarehe 18 Mei kilipunguzwa kikabaki hotuba ya Mfalme peke yake. Basi wingi ukapimwa mahali pengine. Tarehe 13 Julai 2020 hoja ya Muhyiddin ya kumwondoa Spika ilipita kwa kura 111 dhidi ya 109. Tarehe 15 Desemba bajeti ilipita kwa 111 dhidi ya 108, huku viti viwili vikiwa wazi kwa vifo. Wiki chache kabla, katika hatua ya awali ya bajeti hiyohiyo, ilihitajika wabunge 15 wasimame ili kura zihesabiwe mmoja mmoja. Walisimama 13. Ikapita kwa sauti tu, na nchi ikakosa kujua hesabu kwa sababu ya watu wawili ambao hawakunyanyuka vitini.

Kisha ikaja njia ya kuisimamisha hesabu kabisa. Muhyiddin aliomba itangazwe hali ya dharura Oktoba 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mfalme alikutana na watawala wenzake, akakataa. Januari 2021, wakati wabunge wengine wakiendelea kujitoa upande wa serikali, ombi lilirudi, na safari hii likakubaliwa: hali ya dharura kuanzia tarehe 12 Januari hadi 1 Agosti. Vikao vya Bunge vilisimama na chaguzi zilisimama. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na watu walikuwa wanakufa, hilo sitalifanyia mzaha. Ila serikali ambayo wingi wake ulikuwa na shaka ilipata miezi zaidi ya sita ya kutoulizwa. Bunge lilipokutana mwishoni mwa Julai, waziri wa sheria alitangaza kwamba amri za dharura zimeshafutwa, na ikulu ikatoa taarifa kwamba Mfalme hakuwa ameridhia kufutwa huko. Tarehe 16 Agosti Muhyiddin alijiuzulu. Mara hii wabunge walitakiwa kuandika hati za kiapo kumtaja wanayemuunga mkono, na Ismail Sabri akaapishwa tarehe 21.

Hati za kiapo nazo zina tatizo lake. Mbunge mmoja anaweza kutia sahihi hati ya Fulani Jumatatu na ya Fulani mwingine Jumatano, na zote zikawa na mhuri halali. Ndiyo maana Wamalaysia wamewapa wabunge wa namna hiyo jina la "katak", chura, mnyama wa kurukaruka.

Ismail Sabri aliingia akijua kiti chake kinayumba, na hapo likatokea jambo jema kuliko yote katika kipindi kile. Tarehe 13 Septemba 2021 serikali yake na muungano wa Pakatan Harapan walitia sahihi maelewano: upinzani hautaiangusha serikali, nayo serikali italeta mageuzi yaliyoorodheshwa na haitavunja Bunge kabla ya tarehe 31 Julai 2022. Tunda kubwa lilikuwa sheria dhidi ya kuruka chama. Dewan Rakyat iliipitisha tarehe 28 Julai 2022 kwa kura 209, wakati theluthi mbili inayohitajika kubadili katiba ni 148. Ilianza kutumika tarehe 5 Oktoba 2022. Ilibidi wabadili katiba kwa sababu huko nyuma, mwaka 1992, mahakama ya juu ilikuwa imeifuta sheria kama hiyo ya Kelantan kwamba inavunja uhuru wa kujiunga na vyama.

Inavyofanya kazi: Ibara mpya ya 49A inasema aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama akijiuzulu au akiacha kuwa mwanachama, kiti chake kinakuwa wazi. Aliyechaguliwa kama mgombea binafsi akijiunga na chama, vilevile. Mbunge yeyote anaweza kumwandikia Spika. Spika ana siku 21 za kuthibitisha na kuijulisha Tume ya Uchaguzi, na uchaguzi mdogo unafanyika ndani ya siku 60.

Msikilizaji wa Tanzania atauliza mara moja: na akifukuzwa? Kwetu mbunge akifukuzwa uanachama anapoteza ubunge. Malaysia wameamua kinyume: aliyefukuzwa na chama chake anabaki na kiti. Walifanya hivyo makusudi, ili kiongozi wa chama asiwe na rungu la kuwapiga nalo wabunge wanaofikiri kwa vichwa vyao, na mimi naona walifikiri vizuri. Ila shimo limebaki pembeni yake. Sheria inaangalia kadi ya uanachama, haiangalii kura wala kauli. Kuanzia 2023 wabunge sita wa chama cha Bersatu, kilichoko upinzani, walitangaza kumuunga mkono Anwar bila kukitoka chama. Bersatu kikabadili katiba yake ili mwanachama wa namna hiyo uanachama wake ukome wenyewe, kikamwandikia Spika. Julai 2024 Spika Johari Abdul akaamua viti havikuwa wazi. Wote sita wakaendelea kukaa. Na chama kizima kikiamua kuhama upande mmoja kwenda mwingine, sheria haikigusi hata kidogo.

Uchaguzi wa tarehe 19 Novemba 2022 ulikuja na jipya jingine. Umri wa kupiga kura ulikuwa umeshuka kutoka 21 hadi 18, na uandikishaji umekuwa wa moja kwa moja, kwa hiyo daftari lilipanda kutoka watu milioni 14.9 mwaka 2018 hadi milioni 21.1. Usiku ule Pakatan Harapan pamoja na chama rafiki walipata 82, Perikatan Nasional ya Muhyiddin 73, Barisan Nasional 30, muungano wa Sarawak 22, wa Sabah 6. Hakuna aliyefika hata 90, achilia mbali 112. Ikulu ilivipa vyama hadi saa nane mchana wa tarehe 21 kuwasilisha majina, kisha ikaongeza saa 24. Mfalme akawaita Anwar na Muhyiddin, akawapendekezea waunde serikali pamoja. Muhyiddin akakataa. Tarehe 24 Novemba Mfalme alikutana na watawala wenzake, na saa kumi na moja jioni Anwar akaapishwa.

Siku tano nchi haikuwa na jibu, na jibu lilipokuja lilitoka ikulu. Anwar aliipeleka hoja ya imani Bungeni siku ya kwanza ya kikao, tarehe 19 Desemba. Ilipita kwa sauti, bila kura kuhesabiwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo dawa ilipo, na ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kanuni moja ya Bunge inatosha: Waziri Mkuu yeyote aliyeapishwa, siku ya kwanza ya kikao kinachofuata, apigiwe kura ya imani kwa kuhesabiwa mmoja mmoja na majina kuchapishwa, na hoja ya kutokuwa na imani ipewe siku yake ndani ya muda uliotajwa. Mamlaka ya Mfalme ya kuteua hayaguswi. Kinachoongezeka ni kwamba mtu wa Kelantan au Johor ajue mbunge wake alinyanyua mkono kwa nani.

Lakini hata ukizihesabu vizuri kura za hao 222, linabaki swali la uzito wa kila mmoja wao. Katika uchaguzi wa 2022 jimbo la Bangi, jirani na Kuala Lumpur, lilikuwa na wapiga kura zaidi ya 300,000. Jimbo la Igan, Sarawak, lilikuwa na chini ya 30,000. Kila jimbo linatoa mbunge mmoja, na mwenye kura nyingi zaidi ndiye mshindi hata akiwa na thuluthi tu ya kura. Katiba ya 1957 ilikuwa imeweka kikomo cha tofauti kati ya majimbo, asilimia 15. Mwaka 1962 kikalegezwa, jimbo la kijijini likaruhusiwa kuwa na nusu tu ya watu wa jimbo la mjini. Mwaka 1973 kikomo kikaondolewa kabisa, ikabaki kauli ya jumla kwamba maeneo ya vijijini yapewe uzito kiasi. Hiyo "kiasi" ndiyo iliyoizaa Bangi.

Wa Sarawak na Sabah watakujibu, na wana hoja. Nchi ilipoundwa mwaka 1963 Bunge lilikuwa na viti 159: Malaya 104, Sabah na Sarawak 40, Singapore 15. Wageni wapya kwa pamoja walikuwa na 55, zaidi ya thuluthi moja, yaani Malaya peke yake isingeweza kubadili katiba bila wao. Singapore ilipoondoka 1965, vile viti 15 viliondoka nayo. Leo Sabah ina 25 na Sarawak 31, jumla 56 kati ya 222, robo tu. Wanadai thuluthi yao. Mzanzibari hahitaji kuelezwa uchungu wa mshirika mdogo wa muungano anayeangalia hesabu.

Madai haya mawili yanavutana. Ukiipa Borneo, yaani Sabah na Sarawak, viti zaidi, kura ya Bangi inazidi kuwa nyepesi. Ukisawazisha majimbo kwa idadi ya watu, Borneo inashuka. Na kuongeza kiti chochote kunataka kubadili Ibara ya 46, yaani wabunge 148, ambao hakuna muungano mmoja unaowapata peke yake.

Katiba inataka ipite miaka isiyopungua minane tangu ugawaji wa majimbo ukamilike hadi mwingine uanze. Wa rasi ya Malaya ulikamilika Machi 2018, kwa hiyo mlango ulifunguka Machi 2026. Bunge la sasa lilikaa mara ya kwanza tarehe 19 Desemba 2022, miaka yake mitano inaisha Desemba 2027, na uchaguzi lazima ufanyike ndani ya siku 60 baada ya kuvunjwa. Katikati ya tarehe hizo ndipo Tume ya Uchaguzi inapaswa kuchora ramani, isikilize pingamizi na kupeleka taarifa kwa Waziri Mkuu, naye aifikishe Bungeni. Anayetaka kufuatilia siasa za Malaysia aanze na ramani hiyo, jimbo kwa jimbo, kabla hata hajauliza nani anagombea.

Asanteni. Maswali nayapokea.